Mionzi, kidonda na vimelea: Adui wa tatu aliyesahauliwa

TANGU majeshi ya Urusi yalipouteka mtambo wa umeme wa nyuklia wa Zaporizhzhia, kusini mwa Ukraine, Machi 4, 2022, dunia imerejewa na hofu ambayo wengi walidhani ilizikwa pamoja na Vita Baridi.

Mambo hayakuishia hapo. Februari 14, 2025, ndege isiyo na rubani iligonga na kutoboa paa kubwa la chuma lililojengwa kufunika mabaki ya kinu cha Chernobyl. Juni mwaka huohuo, Israel na baadaye Marekani zilishambulia vituo vya nyuklia vya Iran vilivyoko Natanz, Fordow na Isfahan.

Katika matukio hayo, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lilieleza kwamba halikubaini ongezeko la mionzi nje ya maeneo yaliyoshambuliwa. Dunia ikashusha pumzi na kuendelea na shughuli zake.

Lakini katika mijadala yote iliyofuata, waliozungumza walizungumzia zaidi saratani ya miaka ijayo, mawingu yenye sumu na vidonge vya iodini. Ni wachache waliouliza swali ambalo daktari wa zamu angelazimika kulijibu usiku huohuo: afanyiwe nini mtu aliyepigwa na mionzi ambaye papo hapo amevunjika mguu, ameungua moto au amejaa vipande vya vioo mwilini?

Swali hilo si la kinadharia. Kombora likipiga mtambo wa nyuklia wenye wafanyakazi ndani yake, majeruhi watakaofikishwa hospitalini hawatakuwa na mionzi peke yake. Watakuwa na mionzi, moto na vyuma kwa wakati mmoja. Madaktari huyaita madhara ya namna hiyo majeraha ya pamoja, na historia inaonyesha kwamba anayewamaliza wagonjwa hao mara nyingi si mionzi yenyewe wala si jeraha lenyewe. Ni adui wa tatu, yaani bakteria na fangasi wa kawaida kabisa, ambao wengi wetu tunao kwenye ngozi na matumboni mwetu hivi sasa.

Moja na moja si mbili

Ili kuelewa kwa nini hali huwa hivyo, hatuna budi kuanzia ndani ya mifupa. Huko ndiko uliko uboho, kiwanda kinachotengeneza damu. Uboho hutoa seli nyeupe zinazopambana na vimelea, chembe zinazogandisha damu, na seli nyekundu zinazosafirisha hewa ya oksijeni.

Seli zinazogawanyika haraka ndizo zinazodhurika zaidi na mionzi. Kwa sababu hiyo, dozi kubwa ya mionzi hukifunga kiwanda hicho. Walinzi waliokwisha kutoka kiwandani huendelea kulinda kwa siku chache, kisha hufa kwa umri wao wa kawaida, na hakuna wa kushika zamu yao.

Hapo ndipo penye hila ya ugonjwa huu. Mgonjwa hutapika saa chache baada ya kupata mionzi, kisha hupata nafuu. Kwa siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi, huonekana kama mtu aliyepona. Ndugu hufurahi. Kumbe ndani ya mwili idadi ya walinzi inashuka siku hadi siku, na kati ya wiki ya pili na ya nne mwili hubaki kama nyumba isiyo na mlango.

Wakati huohuo ukuta wa utumbo, ambao nao hujengwa na seli zinazogawanyika haraka, huwa umedhoofika. Bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila kumdhuru mtu, kama vile E. coli na Klebsiella, hupenya na kuingia katika damu. Chembe za kugandisha damu zikiwa zimepungua pia, mgonjwa huanza kuvuja damu kwenye ufizi, ngozi na viungo vya ndani.

Sasa ongeza kidonda. Kidonda ni lango lililo wazi kwa bakteria wa ngozi, wa udongo na wa wodini. Kuungua kwa moto ni lango kubwa zaidi, kwa kuwa ngozi iliyoungua ni chakula kwa bakteria wanaopenda unyevunyevu kama Pseudomonas. Jeraha linahitaji seli mpya na damu mpya ili lipone, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwili uliopigwa mionzi hauna.

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kutumia mbwa. Mbwa waliounguzwa sehemu ya tano ya ngozi walikufa takriban mmoja kati ya wanane. Waliopewa dozi ndogo ya mionzi peke yake hawakufa. Lakini waliopata yote mawili, moto uleule na mionzi ileile, karibu robo tatu walikufa. Katika hesabu za kawaida moja na moja ni mbili. Katika majeraha ya pamoja jawabu huwa kubwa zaidi.

Kwa binadamu, wataalamu hupima mionzi iliyopenya mwilini kwa kipimo kiitwacho grei. Inakadiriwa kwamba mtu mzima asiyepata matibabu yoyote, akipata takriban grei tatu na nusu hadi nne mwili mzima, ana nafasi nusu kwa nusu ya kufa ndani ya siku 60. Dawa, damu na uuguzi safi huweza kukisogeza kizingiti hicho hadi grei sita au zaidi. Jeraha kubwa hukirudisha chini.

Hiroshima, Chernobyl na Goiania

Somo la kwanza lilitolewa kwa gharama isiyosemeka. Agosti 6, 1945, bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima, na siku tatu baadaye jingine likaangushwa Nagasaki. Hadi mwisho wa mwaka ule, inakadiriwa watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki.

Ikumbukwe kwamba msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuikumbuka Hiroshima. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu hilo ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, nchini Kongo, kwa mikono ya wachimbaji Waafrika ambao hakuna aliyewaambia walichokuwa wakikichimba.

Majeruhi wa miji ile miwili waliungua, walikatwa na vioo na kuangukiwa na nyumba, na wengi wao walikuwa wamepigwa na mionzi pia. Madaktari na wauguzi wengi walikuwa miongoni mwa waliokufa au kujeruhiwa. Vidonda vilivyoanza kufunga vilifunguka tena katika wiki ya tatu, nywele zikanyonyoka, homa zikapanda. Penisilini, iliyokuwa tayari ikitengenezwa kwa wingi Marekani, ilikuwa adimu mno Japan. Daktari Marcel Junod wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu alifika Hiroshima mwezi mmoja tu baada ya bomu, akifuatana na shehena ya zaidi ya tani 10 za dawa na vifaa. Kwa wengi, shehena hiyo ilikuwa imechelewa.

Somo la pili ni la Chernobyl, Aprili 26, 1986. Watu 134, wengi wao wazima-moto na wafanyakazi wa mtambo, walithibitika kuugua ugonjwa mkali wa mionzi, na 28 kati yao walikufa mwaka huohuo. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinafaa kutazamwa kwa makini. Katika kundi la watu 41 waliopata dozi ndogo kuliko wote, hakuna aliyekufa katika miezi hiyo. Kati ya 50 wa kundi la pili alikufa mmoja. Kati ya 22 wa kundi la tatu walikufa saba. Kati ya 21 wa kundi la juu kabisa walikufa 20.

Wengi wa waliokufa walikuwa pia na ngozi iliyoungua vibaya kwa mionzi iliyogandamana na nguo na miili yao. Katika Hospitali Namba 6 ya Moscow, ambako timu ya Daktari Angelina Guskova iliwahudumia, wagonjwa waliwekwa katika vyumba vya pekee, wakapewa dawa za bakteria, za fangasi na za virusi vya malengelenge. Timu iliyomjumuisha Daktari Robert Gale wa Marekani iliwapandikiza uboho wagonjwa 13, lakini karibu wote walikufa. Kilichookoa maisha ya wengi hakikuwa upasuaji wa kustaajabisha uliotangazwa na vyombo vya habari duniani, bali usafi, damu ya kuongezewa na dawa zilizotolewa kwa wakati.

Somo la tatu ni la Goiania, Brazil, Septemba 1987, nalo ndilo lililo karibu zaidi na maisha yetu. Hapakuwa na vita wala kinu. Watu wawili waliokuwa wakitafuta chuma chakavu waliingia katika jengo la kliniki iliyohama, wakachukua sehemu ya mashine kuukuu ya kutibu saratani na kuiuza. Ndani yake mlikuwa na unga wa siziamu-137 uliong'aa gizani kwa rangi ya buluu. Watu waliustaajabia, wakagawiana na kujipaka.

Watu wanne walifariki ndani ya wiki chache, akiwamo mtoto wa kike wa miaka sita, kwa kuvuja damu na kwa maambukizi yaliyosambaa katika damu. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa uwanjani, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Mtoto yule alipopelekwa kuzikwa, wakazi wenye hofu waliurushia mawe msafara wa mazishi.

Matukio yaliyofuata yalirudia kisa kilekile kwa sura nyingine. Tokaimura, Japan, mwaka 1999, wafanyakazi wawili walikufa licha ya kutibiwa kwa miezi katika hospitali bora kabisa. Samut Prakan, Thailand, mwaka 2000, chuma chakavu kiliua watu watatu. Lia, Georgia, Desemba 2001, wakata kuni walikuta msituni vyuma viwili vya moto visivyo na moto, wakaviota usiku wa baridi. Mmoja wao alifariki mwaka 2004 baada ya kuhangaika kwa zaidi ya miaka miwili na kidonda cha mgongoni kilichokataa kupona.

Saa 48 za daktari wa upasuaji

Kutokana na masomo hayo, tiba ya majeraha ya pamoja ina kanuni zinazoeleweka, na nyingi kati yake hazihitaji mashine za mabilioni.

Kanuni ya kwanza ni kwamba jeraha linaloweza kuua sasa hutibiwa kwanza. Damu inayomwagika huzuiwa na njia ya hewa hufunguliwa kabla ya mtu yeyote kuanza kupima mionzi. Mtu aliyepigwa na mionzi kutoka nje hawi chanzo cha mionzi, kama ambavyo mtu aliyepigwa picha ya eksirei hawaki. Mwenye vumbi la mionzi mwilini huvuliwa nguo na kuoshwa kwa maji na sabuni. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Mhudumu mwenye glavu, barakoa na joho, anayefuata utaratibu, hana sababu ya kumkimbia mgonjwa.

Kanuni ya pili ni kukimbizana na saa. Upasuaji wowote wa lazima, pamoja na kusafisha na kufunga vidonda, unapaswa kufanywa ndani ya saa 36 hadi 48 za mwanzo, wakati mgonjwa bado ana walinzi waliobaki katika damu. Dirisha hilo likifungwa, upasuaji usio wa lazima husubiri hadi uboho uanze tena kufanya kazi, jambo linaloweza kuchukua wiki sita au hata miezi mitatu. Kisu kinachoingia mwilini katika wiki ya tatu kinafungua lango wakati mlinzi hayupo.

Kanuni ya tatu ni kuhesabu. Kipimo cha seli nyeupe za damu aina ya limfosaiti, kikirudiwa kila baada ya saa kadhaa katika siku mbili za mwanzo, humwonyesha daktari ukubwa wa dozi. Muda wa kuanza kutapika nao husaidia: anayetapika ndani ya saa moja ana uwezekano wa kuwa amepata dozi kubwa. Lakini hapa pana mtego. Aliyeumia kichwa hutapika pia, na moto wenyewe huweza kuzishusha limfosaiti. Ndiyo maana vipimo hurudiwa, na dalili moja haitoshi kumhukumu mgonjwa.

Dawa gani, na lini

Swali gumu zaidi ni la dawa. Mwaka 2004 jopo la wataalamu wa Marekani lilichapisha mwongozo ambao hadi leo ni miongoni mwa misingi ya tiba hii. Kwa mgonjwa ambaye seli zake za ulinzi aina ya neutrofili zimeshuka chini ya 500 katika kila maikrolita ya damu, mwongozo huo ulipendekeza dawa ya kuzuia bakteria ya kundi la siprofloksasini, dawa ya virusi kama asiklovia, na dawa ya fangasi kama flukonazoli, hata kabla homa haijaanza.

Homa ikianza, hakuna kusubiri majibu ya maabara. Damu huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vimelea, na papo hapo mgonjwa huanzishiwa sindano za antibaiotiki zenye uwezo mpana, hasa dhidi ya Pseudomonas na ndugu zake. Ikumbukwe kwamba kwa mgonjwa huyu kidonda kinaweza kuoza bila kutoa usaha, maana usaha hutokana na seli nyeupe, naye hana. Homa huweza kuwa kengele pekee atakayoisikia daktari.

Hata hivyo, si kila antibaiotiki ni rafiki. Utafiti wa Daktari Itzhak Brook na wenzake, katika taasisi ya jeshi la Marekani inayochunguza athari za mionzi, ulionyesha kwamba panya waliopigwa mionzi na kisha kupewa metronidazoli walikufa zaidi. Sababu ni kwamba dawa hiyo huwaua bakteria wema wasiohitaji hewa, ambao kazi yao tumboni ni kuwabana wale wakorofi. Wakiondolewa, wakorofi hupata uwanja. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri dawa za namna hiyo zitumike pale tu kidonda chenyewe kinapozihitaji, kwa mfano tumbo lililotobolewa na risasi au mfupa uliozama katika uchafu.

Upande mwingine wa tiba ni kukiamsha kiwanda. Kuna dawa zinazouhimiza uboho utoe seli nyeupe au chembe za kugandisha damu, zilizobuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa magonjwa mengine. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha filgrastimu kwa wagonjwa wa mionzi Machi 2015, pegfilgrastimu Novemba mwaka huohuo, sagramostimu mwaka 2018 na romiplostimu mwaka 2021. Kwa kuwa haiwezekani kimaadili kuwapiga watu mionzi ili kujaribu dawa, uidhinishaji huo ulitegemea wanyama.

Mwongozo wa mwaka 2004 una jambo moja linalobeba uzito wa makala haya. Kwa mtu mwenye afya asiye na jeraha, ulishauri dawa hizo zianze kutolewa akipata grei tatu. Kwa mwenye jeraha au aliyeungua, ulishusha kizingiti hadi grei mbili. Kwa maneno mengine, wataalamu walikiri rasmi kwamba jeraha hubadili maana ya dozi.

Na hapa panazuka mtihani wa kimaadili. Majeruhi wakiwa watano, kila mmoja atapata chumba na dawa. Wakiwa elfu tano, daktari atalazimika kuchagua, na mwenye majeraha ya pamoja ndiye anayehitaji dawa nyingi zaidi huku nafasi yake ya kupona ikiwa ndogo zaidi. Katika mipango ya maafa, mgonjwa wa namna hii hushushwa daraja katika foleni. Ni uamuzi unaoweza kutetewa kwa hesabu. Lakini ukubwa wa foleni huamuliwa miaka mingi kabla ya maafa, na wale wanaopanga bajeti za dawa, damu na vitanda.

Ngao inayotoboka

Pengine msomaji atasema: basi, dawa zipo, kilichobaki ni kuzinunua. Ingekuwa hivyo, jambo lingekuwa jepesi.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliripoti matokeo ya kuchunguza vimelea kutoka kwa wagonjwa wa hospitali za Ukraine, wengi wao wakiwa majeruhi wa vita. Miongoni mwa bakteria aina ya Klebsiella waliopatikana katika vidonda vyao, wapo waliokuwa sugu kwa kila dawa iliyojaribiwa, pamoja na kolistini, ambayo madaktari huiweka akiba kama silaha ya mwisho.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Nchi hiyohiyo yenye mtambo wa nyuklia uliozungukwa na mapigano ndiyo yenye hospitali ambamo vidonda vya vita vimekutwa na bakteria wasiosikia dawa. Mtu mwenye kinga kamili anaweza kupambana na bakteria sugu kwa msaada wa mwili wake. Mtu ambaye uboho wake umezimwa na mionzi hana msaidizi. Kwake dawa ni yote, na dawa ikishindwa hakuna kilichobaki.

Tatizo hili si la Ukraine peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na mzigo mkubwa zaidi kwa uwiano wa watu ulikuwa katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara.

Kila mara mtu anaponunua vidonge vinne vya amoksilini dukani kwa ajili ya mafua, na kila mara mfugaji anapowapa kuku wazima antibaiotiki, ngao hii hutoboka kidogo. Tumezoea kulizungumza jambo hilo kama suala la kikohozi na vichomi. Ni suala la usalama wa taifa pia.

Sisi tunahusika vipi?

Afrika Mashariki haina mtambo wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi. Lakini Goiania nayo haikuwa nao. Kilichohitajika kule ni mambo matatu tu: mashine ya tiba, jengo lisilolindwa na biashara ya chuma chakavu. Mambo hayo hayako mbali nasi.

Mashine za kobalti-60 zimetumika kwa miaka mingi kutibu saratani katika hospitali za ukanda huu, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Vyanzo vya mionzi hutumika pia viwandani na katika ujenzi wa barabara. Ni kwa sababu hiyo Tanzania ilitunga Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 na kuunda tume yake, na Kenya ikaunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia kwa sheria ya mwaka 2019. Vyombo hivyo vina kazi ya kuhakikisha kila chanzo kinajulikana kilipo tangu kinapoingia nchini hadi kinapotoka.

Nako hospitalini, wataalamu tunao zaidi ya tunavyodhani. Daktari wa saratani anayemwuguza mgonjwa aliyeshukiwa na seli nyeupe baada ya dawa kali, tayari anatibu kwa kiasi kikubwa ugonjwa uleule. Anajua homa ya mgonjwa huyo ni dharura ya dakika na si ya siku. Kinachokosekana ni daktari huyo kukaa meza moja na wa upasuaji, wa majeraha ya moto, wa maabara na wa benki ya damu, kabla ya siku ya msiba, wakakubaliana nani atafanya nini katika saa 48 za kwanza.

Januari 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha mpya ya dawa ambazo nchi zinashauriwa kuwa nazo kwa dharura za mionzi na nyuklia. Katika orodha hiyo zimo dawa za kuuamsha uboho, dawa za kuondoa vumbi la mionzi tumboni kama ile ya rangi ya buluu iliyotumika Goiania, na pia iodini.

Kuhusu iodini, ipo haja ya kusema wazi. Mwaka 2022, wakazi wa nchi kadhaa za Ulaya walikimbilia maduka ya dawa kununua vidonge vyake. Vidonge hivyo huzuia iodini yenye mionzi isijikusanye katika tezi ya shingo, na hapo vina manufaa makubwa, hasa kwa watoto. Lakini havilindi uboho, havizuii homa, wala havitibu kidonda. Anayedhani amejiandaa kwa kuwa ana kopo la iodini kabatini amejiandalia sehemu moja tu ya msiba.

Hitimisho

Mtu anaweza kuuliza: kwa nchi inayopambana na malaria, uzazi salama na uhaba wa vitanda, je, si anasa kuzungumzia jambo ambalo huenda lisitokee?

Jibu ni kutazama orodha yenyewe. Benki ya damu yenye damu, maabara inayohesabu seli mchana na usiku, uwezo wa kuotesha vimelea na kujua dawa ipi bado inafanya kazi, chumba cha upasuaji kinachofunguka usiku, muuguzi anayenawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, na antibaiotiki zinazotolewa kwa cheti tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokaa bure kikisubiri mionzi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anavihitaji usiku wa leo. Mtoto aliyemwagikiwa na uji wa moto anavihitaji. Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja anavihitaji.

Viongozi wa mataifa yenye silaha wataendelea kuzungumza juu ya vichwa vya makombora na mistari myekundu, na kwa hakika suluhisho la kudumu ni kuzuia makombora hayo yasirushwe na mitambo hiyo isigeuzwe uwanja wa vita. Lakini wazima-moto wa Chernobyl na waokota chuma wa Goiania hawakuombwa maoni na mwanasiasa yeyote. Walifikishwa hospitalini wakiwa na vidonda, na waliopona walipona kwa sababu mtu fulani alijua la kufanya na alikuwa na kitu cha kufanyia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa unaonekana kila siku, katika kila wodi yenye kidonda kilichokataa kupona na kila duka linalouza antibaiotiki kama pipi.